Rubani na Aone kwa Macho Yake

Muhula uliopita chama chetu cha majadiliano kilishindana juu ya neno hili: "Kioo cha ndege ya vita kimekwisha siku zake." Mimi nilisimama upande wa kukataa, nikashindwa kwa kura 34 kwa 19. Wasomaji waliokuwapo watakumbuka ya kuwa msemaji wa upande wa pili, ambaye ni rafiki yangu na tunalala bweni moja, alikuja na picha kubwa ya helmeti ya rubani wa F-35, akaipitisha mkono kwa mkono, na wadogo zetu wa mwaka wa kwanza wakaikodolea macho mpaka wakasahau kusikiliza. Mtu hawezi kushindana na picha. Tena kengele ya chakula ilipigwa nikiwa katikati ya maneno. Basi namshukuru Bwana Mhariri kwa kunipa nafasi hii, maana hapa hakuna picha wala kengele.

Nitaanza na lori la mjomba wangu. Yeye hupakia matoke na mkaa kuleta mjini, na lori lake alilipenda kama bibi arusi. Kioo cha mbele alikitia pazia lenye shada, juu akaandika maneno makubwa ya rangi, pembeni akabandika picha za wachezaji wa mpira, hata ukabaki mwanya kama wa sanduku la barua. Nyuma hakuona kitu kabisa, kwa sababu ya mzigo. Lakini alikuwa na taniboi, au utingo kama wasemavyo wenzetu wa Tanzania, ambaye kazi yake ni kuning'inia nyuma na kupiga bodi kwa kiganja: "Rudi, rudi, rudi, simama!" Mambo yalikwenda vizuri miaka mitatu. Siku moja sokoni taniboi alishuka kununua mahindi ya kuchoma, na mjomba asijue ya kuwa ameshuka. Akarudisha lori juu ya mkokoteni wa mama mmoja muuza nyanya. Kwa bahati mama mwenyewe alikuwa upande wa pili akihesabu fedha. Mjomba alilipa nyanya, akalipa na mkokoteni, na neno alilosema siku ile ni moja tu: "Sikuuona."

Nadhani neno hilo ndilo ambalo marubani wengi wa vita wangalisema kama wangalipata nafasi ya kusema. Erich Hartmann, Mjerumani ambaye katika Vita Kuu ya Pili aliandikiwa ndege 352, alieleza baadaye ya kuwa wengi katika hao aliowaangusha hawakujua kama yuko karibu. Hakuwa mtu wa kuzungukazunguka angani akicheza na adui. Alikuwa akitazama, anaamua, anakaribia kutoka mahali asipotazamwa, anapiga, anaondoka. Ukifikiri hayo utaona ya kuwa shabaha ya pili katika vita vya angani ni bunduki, na shabaha ya kwanza ni shingo ya rubani: yaweza kugeuka kiasi gani, na ikigeuka inakuta nini?

Hapo zamani haikuwa shida. Katika Vita Kuu ya Kwanza rubani alikaa wazi kama mtu aliyepanda ngamia, akazungusha kichwa apendavyo, na skafu za hariri walizovaa hazikuwa za urembo tu. Ziliwazuia wasichubuke shingo kwa kugeukageuka. Mwandishi wa hadithi za watoto Roald Dahl, ambaye alifanya kazi Dar es Salaam kabla ya kujiunga na jeshi la anga la Uingereza huko Nairobi mwaka 1939, alikuwa mrefu mno hata kichwa chake kilipita juu ya kioo kidogo cha ndege ya mafunzo, upepo ukamnyima pumzi. Huyo aliona kila kitu ila alishindwa kuvuta hewa! Kasi ilipozidi ilikuwa lazima kumfunika rubani, na hapo ndipo mgogoro ulipoanza kati ya mtu wa hesabu za upepo na mtu wa kukaa ndani.

Maana mambo yenyewe ni haya. Ndege ya kasi hutaka mwili laini, kama samaki. Kichwa cha rubani ni nundu. Ukikificha ndani ya mgongo wa ndege, upepo unapita vizuri, na kasi inaongezeka. Lakini rubani anatazama nyuma akaona ukuta. Ukikitoa nje kwenye kifuniko cha kioo cha mviringo, anaona pande zote, lakini umelipa kwa kasi na kwa uzito. Tena ukiukata mgongo ili aone nyuma, ndege yenyewe yaweza kuyumba. Hayo yaliipata Mustang ya Wamarekani. Za kwanza zilikuwa na mgongo mrefu na kifuniko chenye fremu nyingi, na Waingereza waliokuwa nazo wakabadilisha kifuniko, wakatia kingine kilichofura pande ili rubani apate kuchungulia. Mwaka 1944 ikaja Mustang ya namna ya D, mgongo umeshushwa, na juu kifuniko kimoja cha plastiki angavu kama povu la sabuni. Marubani walifurahi. Lakini kwa kuwa ubavu wa nyuma ulikuwa umepunguzwa, ndege ilipoteza kidogo uthabiti wake wa kwenda mbele bila kupinda, ikabidi kuongeza pezi dogo mbele ya mkia. Kila mwanya wa kuona umenunuliwa kwa kitu.

Je, ulistahili bei hiyo? Natoa shahidi wa vita vya Korea, 1950 hadi 1953. Huko F-86 Sabre ya Wamarekani ilikutana na MiG-15 ya Warusi. MiG ilipanda upesi zaidi na kufika juu zaidi. Kwa karatasi ingalipasa kushinda. Wanahistoria bado wanabishana juu ya hesabu za walioangushwa, lakini ni wazi ya kuwa Sabre haikuonewa. Rubani mmoja aliyefika Korea mwaka 1953, jina lake John Boyd, aliumiza kichwa miaka mingi kutafuta sababu. Akataja mbili: usukani wa Sabre ulisaidiwa na nguvu ya mafuta ya mashine, hivyo rubani alibadili mwendo upesi bila kuchoka, na kifuniko chake cha kioo kilimpa kuona kwa upana kuliko mwenzake. Aliona kwanza, akaamua kwanza. Boyd hakuangusha ndege hata moja Korea, lakini fikira hiyo moja nadhani imeangusha nyingi.

Nilipofika hapa ndipo rafiki yangu aliposimama akasema, "Hayo ni ya bunduki. Sasa kuna makombora." Namjibu ya kuwa maneno hayo si mapya. Mwaka 1957 serikali ya Uingereza ilitangaza katika waraka wake wa ulinzi ya kuwa makombora yatachukua kazi ya ndege za vita, na ndege nyingi zilizokuwa zikibuniwa zikafutwa. Wamarekani nao, kwa fikira za namna hiyo hiyo, wakaunda F-4 Phantom, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1958: injini mbili kubwa, rada nzuri, watu wawili, makombora manane, na bunduki hakuna. Kuona nyuma kulikuwa kubaya, maana nani atakayefika nyuma yako, na wewe umempiga akiwa mbali?

Vietnam ikawajibu. Kwa sababu ya kuogopa kupiga wenzao, marubani mara nyingi walikatazwa kufyatua kabla ya kumtambua adui kwa macho. Maana yake ni kumkaribia, na kumkaribia ni kuingia katika mchezo ule walioambiwa umekwisha. Makombora yenyewe yaliyoongozwa na rada, katika kila kumi yaliyofyatuliwa miaka ya 1965 hadi 1968, lilipiga moja hivi. Zaidi ya hayo injini za Phantom zilitoa moshi mweusi, ukaonekana toka mbali kama wa tanuri la matofali, na yule wa MiG-17 ndogo akajua pa kutazama. Hapo mtu wa kiti cha nyuma wa Phantom akawa taniboi: macho ya kazi. Jeshi la maji la Marekani lilifungua shule mwaka 1969 kuwafundisha tena marubani kupigana karibu, na namna ya F-4 iliyofuata ikarudishiwa bunduki.

Nisiseme ya Wamarekani peke yao. MiG-21, ambayo Uganda pia ilikuwa nazo (baadhi ziliteketezwa chini uwanjani Entebbe usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai 1976), ilikuwa ndege nyembamba, nyepesi, ya kasi mara mbili ya sauti, na rubani wake alikaa kama mtu ndani ya chupa. Mbele, kioo kinene cha kuzuia risasi na vyombo vya kulengea vilimzibia. Nyuma, kila namna mpya iliyotoka ilizidi kunenepa mgongo kwa ajili ya mafuta na mitambo, hata ikabidi kutia kijidarubini juu ya kifuniko ili apate kuchungulia mkiani. Ndege ya mafunzo ya jamii hiyo ndiyo ya kuchekesha: mwalimu aliyekaa nyuma hakuiona njia ya kutua, akawekewa darubini ya kuinuka, kama ya manowari ya chini ya maji. Ilikuwa ndege nzuri, na zilitengenezwa maelfu. Lakini sitaki mtu aniambie ya kuwa waliotengeneza walisahau kioo. Hawakusahau. Walikibadilisha kwa kasi, na bei ikalipwa na mwingine.

Sasa tazama F-16, ambayo kwangu ndiyo jibu lililo bora mpaka leo. Iliruka mwaka 1974. Boyd na rafiki zake walikuwa miongoni mwa waliopigania ndege ndogo ya namna hiyo, na Harry Hillaker akaongoza uchoraji wake. Mbele ya rubani hakuna fremu hata moja. Kifuniko ni kipande kimoja cha plastiki ngumu iitwayo polikaboneti, na fremu iliyobaki imewekwa nyuma ya kichwa chake. Akitazama mbele anaona chini ya pua nyuzi 15, na akitazama pembeni nyuzi 40; akigeuka anaona mkia wake mwenyewe. Kiti kimelazwa nyuzi 30, ili damu isimkimbie kichwani ndege inapokata kona kwa uzito mara tisa wa kawaida. Usukani haupo katikati ya magoti, uko mkono wa kuume, mfupi, ili asizuiwe na kitu. Husemwa ya kuwa marubani wake hujiona kama wamekaa juu ya ndege wala si ndani yake.

Hata hapo bei iko. Kwa kuwa hakuna kioo kinene cha mbele peke yake, kifuniko chote lazima kiwe kinene cha kumkabili ndege wa angani, yaani kunguru au korongo, kwa kasi kubwa. Na kwa kuwa ni kinene, kiti cha kujiokoa hakiwezi kukipasua. Lazima kifuniko kirushwe kwanza, ndipo mtu afuate. Tena jua humpiga kichwani kutwa, na mawimbi ya rada ya adui huingia ndani na kurudi, hata wakaongeza utando mwembamba juu ya plastiki ili kuyapunguza. Namwambia rafiki yangu haya kwa hiari, maana katika mkutano hakuyajua, na angaliyajua angalinishinda kwa haki.

Wale waliosimama nami barabarani siku moja ya sikukuu ya Uhuru wakaziona Su-30 za jeshi letu zikipita, watakumbuka umbo lake. Pua imeinamishwa chini kama shingo ya bata anayekunywa maji. Watu husifu uzuri wake. Mimi nasema ule ni uamuzi. Pua imeshushwa ili rubani aone mbele na chini, na yule wa nyuma yake ameinuliwa ili aone juu ya kichwa cha mwenziwe. Wakati kelele zilipotufikia, ndege zenyewe zilikuwa zimekwisha pita, na mzee mmoja aliyekuwa kando yangu akatazama mahali ambapo hazipo. Nilicheka, kisha nikafikiri ya kuwa nami ningalikuwa angani ningalitazama hapo hapo.

Tufike kwenye ile helmeti. F-35 iliruka mara ya kwanza mwaka 2006. Haina kile kioo cha maandishi kilichokuwa mbele ya rubani katika ndege nyingi za zamani. Habari zote zinaonyeshwa ndani ya helmeti. Mwilini mwa ndege kuna kamera sita za joto, na rubani akitazama magoti yake aweza kuonyeshwa ardhi iliyo chini ya sakafu. Bei ya helmeti moja ilitajwa kuwa dola 400,000 hivi. Sikatai, ni ajabu. Lakini tazama ndege yenyewe. Nyuma ya kichwa cha rubani kuna ukuta na kichwa cha kiti kikubwa. Kwa nini? Ndege moja ililazimishwa kufaa majeshi matatu, na mojawapo ilitaka kushuka wima kama helikopta. Hiyo ikatiwa feni kubwa nyuma tu ya chumba cha rubani, na umbo la mwili likaifuata. Mwaka 2013 taarifa ya wakaguzi wa wizara ya ulinzi ya Marekani ilieleza malalamiko ya marubani waliokuwa wakijifunza: hawaoni nyuma, na mmoja alisema bila kuficha ya kuwa jambo hilo litamwua mtu. Helmeti za kwanza nazo zilikuwa na matatizo, picha ikichelewa na kutetemeka, na usiku mwanga wa kijani ukiwasumbua waliotua melini. Mengi yametengenezwa tangu hapo. Hata hivyo picha ya kamera za joto haikuwa kali kama jicho zima la binadamu.

Rafiki yangu alisema, "Kamera imechukua nafasi ya kioo." Mimi naona ya kuwa kioo kiliondolewa kwa sababu ya feni, na kamera ikaletwa kufariji. Hayo ni mambo mawili mbalimbali.

Lakini lazima niwe mkweli. Makombora ya leo si yale ya 1965. Katika vita vya Ghuba mwaka 1991 ndege za Iraki si chache ziliangushwa na marubani ambao hawakuwa wamewaona kwa macho. Na chombo cha kichwani chaweza kumsaidia mtu sana: Ujerumani ilipoungana mwaka 1990, nchi za Magharibi zilipata kuichunguza MiG-29 kwa karibu, zikashtuka kuona ya kuwa rubani wake alilenga kombora kwa kugeuza kichwa tu. Lakini angalia: kifaa kile kilifuata jicho lililokwisha kuona. Alitazama kwa kioo, kisha mashine ikamtii. Hicho ndicho ninachokitaka. Kamera na iwe taniboi, na isiwe pazia.

Wengine watanitajia Charles Lindbergh, aliyevuka Atlantiki mwaka 1927 kwa saa 33 na nusu bila dirisha la mbele, maana aliweka tangi la mafuta mbele yake na kuchungulia kwa darubini ndogo na madirisha ya pembeni. Kweli. Lakini Lindbergh alikuwa peke yake juu ya bahari, na hakuna aliyekuwa akimwinda. Watataja pia X-59 ya Marekani, ndege ya kuchunguza mlio wa kasi ya sauti, ambayo pua yake ni ndefu mno hata rubani anatazama mbele kwa kioo cha picha. Hiyo nayo haiendi vitani. Na kwetu hapa shuleni, ambako umeme hukatika tukiwa katikati ya hesabu, si lazima nieleze faida ya kitu kinachoonyesha bila kuwashwa.

Sasa nitasema jambo ambalo sikulisema katika mkutano. Tangu nikiwa na miaka kumi nataka kuwa rubani. Nikiwa na miaka kumi na sita nilipewa miwani, na bila hiyo sijui kama anayekuja njiani ni mwalimu au ni mbuzi. Mtu mmoja anayejua mambo hayo ameniambia kwa upole ya kuwa majeshi mengi yatanipima macho kabla ya kuniuliza neno lolote. Kwa hiyo kama rafiki yangu ana haki, na jicho la rubani siku hizi ni kamera, basi mlango wangu u wazi, na miwani yangu si kitu. Yeye alijua hayo. Usiku ule bwenini, taa zilipokwisha zimwa, akaniuliza, "Mbona ulijipigia kura wewe mwenyewe?" Sikuwa na jibu zuri. Nilimwambia ya kuwa nikiwa ndani ya ndege, na mtu akaja nyuma yangu kutoka upande wa jua, nisingependa kujua ya kuwa walinipokea kwa sababu walidhani macho hayana kazi.

Naambiwa kuna wazee wa shule hii wafanyao kazi uwanjani Entebbe, na kwamba mmoja wao amewahi kukaa kwenye kiti cha ndege ya vita, ingawa ilikuwa imesimama chini. Kama anasoma kurasa hizi, namsihi atuandikie katika toleo lijalo. Aseme alipogeuza kichwa aliona nini, tena apime kwa vidole ukuta ulianzia wapi. Mjomba amekwisha toa lile pazia, lakini picha za wachezaji amekataa kuzibandua.